Diski ya Pili

Imekuja ndani ya soksi ya mtoto,
kutoka Mkoani, kwa mkono wa Mwalimu Faki Mcha.
"Kwangu ilikuwa ikiwaka," anasema,
kama vile mgonjwa anavyoapa kuwa jana alikula.
Mashine yake imeingia maji, bati lilivuja.
Humu mna Linux, na ndani ya Linux
mna alama za kidato cha pili, mikondo minne,
na Jumatatu zinatakiwa wilayani.

Naiunga kwenye laptopu yangu hii iliyong'oka N.
Nawasha. Inapita moja kwa moja kwenye Windows,
haigeuzi hata shingo.
Nazima. Nawasha, kidole kwenye F12,
nabonyeza, nabonyeza,
kama anayegonga mlango wa mdaiwa.
Orodha inatoka: diski ya ndani. Basi.

Naingia kwenye bayosi. Ulinzi wa kuwasha umekaza kufuli.
Naulegeza. Nahifadhi. Natoka.
Haimo.

Nahama tundu, kutoka jeusi kwenda la buluu.
Naweka sikio kwenye ganda: tik, tik, tik,
inataka kuzunguka, nguvu haina.
Kumbe waya. Waya wa kuchajia simu,
umeingia nusu ya tundu na umeridhika.
Nachakura kopo la maziwa ya unga,
vifungo, betri za saa, risiti za Tukuza,
nautoa ule mpana.
Diski inavuma. Alhamdulillahi.

Sasa orodhani zimo mbili. Nachagua ya pili.
Maandishi yanamiminika kama choroko kwenye ungo,
halafu yanagota:
nasubiri diski ya mfumo,
nasubiri,
nimekata tamaa ya kusubiri.
Wallahi ndivyo inavyosema, kwa lugha yake.
Kishale kinapepesa.

Saa tano usiku. Limbani imelala.
Yuniti za umeme zimebaki nne na nukta.
Nasoma tena, mstari kwa mstari, na ndipo naona:
inatafuta sda.
Kwa Mwalimu ilikuwa ya kwanza, tena peke yake.
Huku kwangu imemkuta mwenziwe ndani,
na mashine, bila kuuliza mtu, imeiita sdb.
Imo nyumbani, inazunguka, ina joto kiganjani mwangu,
inajitafuta kwa cheo ilichokiacha Mkoani,
haijioni.

Nacheka, mkono mdomoni, watoto wasiamke.
Miaka tisa mtaa huu naitwa mke mdogo.
"Simu hiyo mpelekee mke mdogo wa Ngwali."
Kwenye daftari la mkopo la duka:
m/mdogo, sukari kilo mbili.
Na Bi Riziki, mwenzangu, hana kosa;
tangu nije mimi
naye hajaitwa jina lake.

Naandika amri, naiuliza diski yenyewe: wewe nani?
Inajibu. Tarakimu na herufi thelathini na mbili,
vistari vinne katikati,
jina ambalo hapana bibi angemtamkia mjukuu.
Lakini imepewa siku ilipopigwa mpangilio,
na haliulizi imehamia nyumba gani,
nani katangulia.

Nalinakili nyuma ya risiti.
Narudi mwanzo, nabonyeza e, nafuta sda2,
naandika lile refu, polepole.
Inagoma.
b nimeisoma nane. Mwandiko wangu mwenyewe.
Mara ya pili naandika huku nikilitamka kwa sauti
kama mtoto wa chuoni.

Choroko tena, nyingi, haziishi,
kisha utulivu, skrini nyeusi, neno moja:
Jina?

Najua analolijua ni faki, na nywila Mwalimu kaniandikia kiganjani.
Lakini vidole vinatangulia:
mwanakhamis,
N mbili, kila moja kwa ukucha, juu ya kijipira kilichobaki.
Si sahihi, inasema.
Jina?

Sawa, yakhe.
faki.